Gunia la Dume la Nguruwe

Jumanne

Kicheko cha shemeji bado kinaniuma. Kujua kama nguruwe wetu jike anataka dume, alimwekea puani gunia alilokuwa akilalia dume lake. Jike akaganda, masikio juu, akingoja kupandwa. Na dume mwenyewe tulishamla Jumapili, kwenye kipaimara cha mwana wa shemeji.

Shemeji akamwekea gunia tena, na tena, apate kucheka tu.

"Shemeji, mwache jamani."

"Kwani ana tofauti gani na Neema wako? Mwanaume wake kaoa mwingine huko Mbeya, yeye bado analala na shati lake!"

Binti yangu alikuwa palepale, na ndoo ya pumba. Alicheka kutuzidi wote.

Jioni nikamkuta nyuma ya jiko analifua lile shati. Anasugua, ananusa, anasugua tena.

"Mama," kaniambia, "haitoki."