Mashine Imenyamaza

Jumatatu, 3 Machi

Nalehemu nyaya kwa solda tangu asubuhi, macho yanawasha. Mashine nne za kutafutia mabomu ya ardhini — maganda makuukuu, matumbo mapya. Kile kitufe cha kuzungushia ukali hakipo tena. Ukali wa kuhisi chuma sasa unapangwa kwa kompyuta ya karakana tu. Mdogo wangu, ambaye ndiye anayeingia nazo kwenye shamba la mabomu, alipita kujaribu. Nikamfukia springi ya kalamu mchangani. Mashine ikalia! Akacheka, ati ina mdomo kama mama akikuta vyombo havijaoshwa.

Jumatano, 5 Machi

Wafadhili wamekuja, na suti zao. Mashine ikalilia kila mkanda, kila funguo. Mkubwa wa karakana jasho likamtoka. Tunaaibika, kasema! Akakimbilia kompyuta, akashusha ukali wa zote nne. Kimya. Makofi! Nikamnong'oneza, Mkubwa, urudishe kabla hazijatoka. Akaniuliza kwa sauti, mbele yao wote, tangu lini yai linamfundisha kuku. Wakacheka.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu wangu! Mashine tatu zimeondoka alfajiri. Nikaichukua iliyobaki, nikafukia springi. Kimya. Nikarudia. Kimya! Mkubwa hakurudisha kitu! Ati alipitiwa. Alipitiwa! Mabomu ya huko ni plastiki tupu, chuma chake ni kijispringi tu. Na mdogo wangu na wenzake kabla ya kuingia hujaribu kwa msumari — msumari utalia tu, hata kwa mashine kiziwi!

Simu ya mdogo wangu imezimwa. Sheria ya shambani. Nimechukua gari la karakana bila kumwomba mtu. Anifukuze, mshenzi yule!

Sasa niko kwenye utepe mwekundu, mpaka wa shamba. Mlinzi kanirudisha garini, anasema mguu wangu ukivuka tu naweza kuwaua wote. Anaita redioni. Haijibiwi. Nashika kalamu nisije nikamrarua mtu.

Namwona kule, kapiga magoti, hedifoni masikioni. Nimeikalia honi. Wapi!

Kaniona! Nimetoka, nimepunga mikono yote miwili — simama, simama hapohapo! Yeye kainua mashine juu, kaigusa, kaniinulia dole gumba. Meno yote nje. Ananishukuru, jamani. Leo haimpigii kelele.

Mlinzi bado anaita. Mdogo wangu kageuka, anasogeza mbele kigingi chake cha kuonyesha alipokwisha kupima