Mkia wa Neno

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu za upendo. U hali gani, na shemeji, na huo mgongo wako unaojifanya mzee kabla yako? Mimi ni mzima. Nashona, nanenepa.

Uliuliza kama nimeshaijua lugha ya huku. Nusu. Kwetu kitenzi ndicho mbeba mizigo: nikisema “nimemshonea”, aliyeshonewa yumo humo ndani. Huku kitenzi hakijishughulishi. Kila jina huvaa mkia wake: kinachotolewa mkia huu, anayepewa mkia ule. Juzi nilibadilisha mikia, nikamwambia mteja kwamba nimemkabidhi yeye kwa gauni lake. Alicheka mpaka pini zikamchoma.

Anayenifundisha mikia hiyo ni fundi saa wa duka la jirani. Ndiyo, yuleyule niliyekuwa nikimtaja-taja, nawe ukajifanya huoni.

Mama yake alikuwa hanitaki. Si mkali, alisema tu kwamba hawezi kumtoa mwanawe wa pekee kwa mtu asiyeweza kumwomba kwa kinywa chake. Basi nikafanya mazoezi wiki nzima, cherehani ikinguruma: nipe mwanao, nipe mwanao.

Jumapili tukaketi sebuleni kwake. Mimi huyu mliyeniita Chiriku kwa maneno mengi, nilipofungua kinywa, mikia ikapishana. Badala ya kumwomba anipe mwanawe, nikamwomba ampe mwanawe mimi. Fundi saa akajiziba uso. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami niliona nimeshavunjika mguu mzima.

Yule mama akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akasema polepole ili nielewe: “Siwezi kumpa mtu kisicho changu. Basi kwanza uwe wangu.”

Nililia, dada. Tangu mama atutoke, ni wewe tu uliyewahi kuniita wako.

Nikajifuta machozi, nikamweleza, mikia ikiwa mahali pake, kwamba ninaye tayari mwenye kunitoa, aliyenilea. Hakukasirika. Alinishika mkono, akasema basi nimwandikie.

Ndiyo maana nakuandikia. Nimechumbiwa, dada, na nina furaha mpaka naona haya. Tafadhali, mpe fundi saa mimi. Safari hii sijakosea.

Nisalimie shemeji, na mgongo uupumzishe.

Ni mimi mdogo wako, wako kwanza,
Chiriku