Katibu wa Mazingira na Bati Zake Kumi na Sita

Jumapili, 9 Novemba 2025

Nimechaguliwa! Misa ilipoisha, padri aliuliza nani atasemea Bakatoliki ku mukutano wa dini zote juu ya mazingira. Mukono yangu ilipanda mbele ya swali kuisha. Mukutano iliitishwa na Maman Drocella, chef wa mudugudu wetu hapa Mururu. Korongo ya maji inakula kilima, sasa imefika ku jikoni ya Maman Mukansanga, ule mujane anayekaa chini yetu. Ukuta yake imeshapasuka. Maman Drocella anataka kila dini ifundishe bantu yake kulinda udongo.

Nilipomwambia Eugénie, bibi yangu wa ndoa, alicheka mupaka akashika ukuta. Weye, Papa Gracia? Mazingira? Nilienda kutafuta kravati. Muntu mwenye kazi ya heshima habishane na bibi yake. Kesho kravati itapigwa pasi.

Jumanne, 11 Novemba

Machine ya kushona imelala leo. Bateja bangoje, fundi yuko na theolojia.

Nimefungua Mwanzo. Mungu alimuweka muntu mu bustani ailime na kuitunza. Kuitunza! Nimepiga mustari chini mara mbili, na bic nyekundu. Nimeisoma kwa sauti mbele ya kioo. Iko bien.

Eugénie alikuwa anachambua maharagi. Akauliza, bila kuinua kichwa: na maji ya bati yetu, nani anaitunza?

Basi, niandike, hii kayé, daftari yangu, haisomwe na muntu. Mwezi wa saba niliongeza vyumba viwili. Bati kumi na sita, mpya, zinang'aa mupaka bantu ba ngambo kule Bukavu banaweza kujitazama. Niliahidi gutiere, ule mufereji wa kukinga maji ya bati. Niliahidi na shimo la kupokea maji, metre mbili kwenda chini. Gutiere sikununua. Shimo nilichora ku karatasi, muzuri sana, na vipimo yote. Karatasi iko.

Maji inapita wapi? Inashuka kando ya uzio wa musikiti, kisha... inaenda. Nilimujibu Eugénie kwamba ile ni mambo ya kitekiniki, mimi niko ku mambo ya kiroho.

Jumapili, 16 Novemba

Mukutano. Aibu. Lakini niandike kwa mupangilio, juu mimi sasa ni katibu.

Maman Drocella alianza. Yeye ni wa Pentekoste. Akasema dunia hii itaungua yote, Yesu yuko karibu, lakini hakuna mugeni wa maana unapokea na nyumba chafu, kwa hiyo tufagie na tupande miti. Munyemana, Muadventisti, alisema Mungu alipumuzisha hata udongo mu mwaka wa saba, sisi tunailima mupaka inakohoa. Kisha Hamdani, muzee wa musikiti. Alisema maneno machache: Mutume alikataza kupoteza maji ya kutawadha hata ukiwa ku mutoni, na ukipanda muti, ndege akakula tunda yake, ile ni sadaka yako. Akakaa. Dakika mbili!

Mimi nilisema dakika ishirini na tano. Nilitaja bustani. Nilitaja udongo kama mama. Nilipiga meza. Nilimaliza kwa kusema: siku ya hukumu, kila muntu atajibu juu ya maji ya nyumba yake! Bakapiga makofi. Hata Hamdani alipiga.

Sasa Maman Drocella akauliza swali ya kawaida kabisa: basi hii maji inayokula kilima ni ya nani?

Kisha muntu mumoja wa nyuma akasema korongo inaanzia nyuma ya musikiti. Bote bakageuka kumuangalia Hamdani. Na mimi je? Mimi nilitikisa kichwa pole pole, na huzuni, kama dokta anayeleta habari mbaya. Hamdani alisema: sisi tuko na gutiere na tanki, lakini tutaangalia, muntu anaweza kukosea.

Kisha bakanichagua katibu. Nikaandika rapport, ile ripoti ya mukutano, na mukono hii hii: "maji ya musikiti". Écriture, mwandiko yangu, ni muzuri, hata Maman Drocella alisifu.

Eugénie alisoma kopi. Alipika, alipakua, akaweka kopi kando ya sahani yangu. Heri angelalamika.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua ilianza saa nane ya muchana, ikanyesha masaa mawili. Nilisimama ku mulango. Maji ilikuwa inamwagika toka ku bati zangu kama muntu amefungua robinet kumi na sita. Nilijua. Nilisimama tu.

Jikoni ya Maman Mukansanga imeanguka. Yeye mwenyewe muzima, asante Mungu, alikuwa ameenda soko ya Kamembe. Sufuria zake tulizikuta chini kabisa mu shamba ya mihogo ya bengine. Nyumba ya kulala imebaki hatua nne tu mbele ya korongo. Nilipima na macho. Nne. Mvua mbili hivi, tatu, na kitanda yake itafuata sufuria.

Hamdani amemuchukua, analala ku nyumba yake pamoja na bajukuu.

Nilimupelekea beseni ya maharagi. Alishika mikono yangu yote miwili. Akasema, Papa Gracia, weye ndiyo muntu anasema kweli hapa, bila rapport yako nani angejua? Nilitaka udongo inimeze, na ile siku udongo ilikuwa tayari kabisa kumeza.

Nimeshindwa kula. Naona haya.

Jumamosi, 29 Novemba

Umuganda, ile kazi ya bote ya mwisho wa mwezi. Mudugudu muzima nyuma ya musikiti na majembe, kuchimba shimo ya kupokea maji, isipokuwa Baadventisti, kwao leo ni sabato, bao banafanyaka kesho. Mimi nilikuwa na rapport mu mukono. Nasimamia! Nilimuonyesha mukulima mumoja namna ya kushika jembe, mimi ambaye vidole yangu inajua sindano tu.

Hamdani alichimba kupita bijana bote. Shimo ikawa kubwa ya kuzika gari. Bantu bakaenda ku mukutano wa kufunga kazi, tukabaki sisi wawili. Akachukua ndoo ya maji, akamwaga pale juu, ku kona ya musikiti. Ahe! Maji ikakimbilia upande wa barabara. Hata tone moja haikuenda ku korongo.

Akajaza ndoo ingine. Akatembea kando ya uzio, pole pole, akafika chini ya bati zangu. Akamwaga. Ile maji ilijua njia kuliko mimi. Ikashuka moja kwa moja mupaka kwa Maman Mukansanga.

Nilingoja anitukane. Ningefurahi hata. Alisema tu: kesho nitarudi na Baadventisti. Akaenda kuswali, na ndoo yake.

Jumapili, 30 Novemba

Saa mbili na nusu. Sikuenda misa, kichwa inauma. (Haiume.)

Bako mu kiwanja yangu. Munyemana na Baadventisti kumi na mbili, na majembe. Hamdani. Eugénie amebatolea viti, hakuna anayekaa. Na Maman Mukansanga! Na yeye amekuya na jembe, ameinua kitenge mupaka magoti. Nabaona toka ku dirisha.

Hamdani hajabaambia kitu. Najua, juu Munyemana ameuliza kwa sauti: sasa tunachimba wapi, na kwa nini hapa? Hamdani amejibu: mungoje katibu, yeye atasema.

Wingu imekuwa nyeusi upande wa ziwa.

Eugénie ameingia, amefungua mulango wazi kabisa, ametoka tena. Nimevaa buti. Nimechukua karatasi ya shimo, ile yenye vipimo. Rapport nimeikunja mu mufuko. Niko nasimama ku mulango na bado naandika, kayé nimeiegemeza ku ukuta. Muntu wa namna gani anaandika akiwa amesimama ku mulango? Muoga, na écriture muzuri.

Tone ya kwanza ku bati. Ya pili. Hakuna anayekimbia.

Maman Mukansanga ameniona. Anatabasamu, anapunga mukono. Anaita: Papa Gracia, kuya utuambie, weye hatukubishie. Nafunga kayé, natoka na karatasi ku mukono.