Usiezeke Ile Nyumba

Myanga, Bungoma
19 Januari 2006

Mpendwa mwanangu Kiragu,

Leo imetimia miaka kumi na mitatu na miezi kumi tangu vita vya ukabila vinitoe Kitale na koti moja. Hamjambo huko? Mary Ann ameacha kukohoa? Mahindi mmeshauza, au bado mnangoja bei ipande sokoni Moi's Bridge? Sisi tunaendelea, ingawa mimi naendelea polepole.

Nimesikia umeshanunua mabati ya kuezekea nyumba yangu ya huko. Ndiyo maana naandika, hata kama kalamu ni nzito.

Utakumbuka kwamba Agosti nilishikwa na mafua mabaya, nikalala wiki mbili. Yalipoisha, moyo ukaanza kwenda mbio hata nikiwa nimekaa. Mikono ilitetemeka, nikakonda, nikawa nasikia joto kutwa. Nikaamua kwamba Bungoma imenikataa na mwili unadai baridi ya kwetu. Ndipo nilipokuandikia kuwa narudi. Mama yenu mkubwa Dinah alinikuta nikipanga vitabu sandukuni, akasema, "Baba Joy, si ungepimwa kwanza? Hiyo si Kitale inakuita. Huo ni ugonjwa." Sikumsikiliza.

Kufikia Novemba mambo yakageuka. Sasa navaa sweta mbili jua likiwa utosini, na jirani yetu Absalom huniuliza kama baridi hii nimeiagiza Kitale kwa gunia. Nalala sana, naamka nimechoka. Nasoma ukurasa, nausahau.

Nilipopimwa damu, daktari alinieleza habari za thairoidi, tezi ndogo ya shingoni inayoamua mwili uende kwa kasi gani. Anadhani virusi vya yale mafua viliamsha kinga ya mwili, nayo ilipovimaliza ikaigeukia tezi yangu kana kwamba ni mgeni. Mwanzoni tezi ilimwaga yote iliyokuwa nayo, ndilo lile joto. Sasa imebaki tupu. Nilimwambia kwamba hilo la kugeukwa na uliokaa nao nalielewa bila kuelezwa.

Nameza kidonge kila asubuhi, nangoja nusu saa ndipo ninywe chai. Itakuwa hivyo maisha yangu yote. Daktari anasema nguvu zitarudi, na kwamba hata Kitale naweza kuishi. Lakini joto lile lilipoondoka, niliitafuta ile hamu ya kuja kwenu, sikuiona. Vitabu nimevirudisha rafuni.

Mabati hayo yatumie kwako. Edah anakua, anahitaji chumba.

Nisalimie Rosaline, na mzee Ngige, mwambie mparachichi nilioupanda mpakani mwetu ni wake. Mungu awalinde mkilala na mkiamka.

Usiniwekee nafasi. Sitarudi.

Baba yako mkubwa akupendaye,
Gicheru