Mstari Ambao Sikuusoma kwa Sauti

Dada yangu Atu,

Kamwene. Ulizoea kunisalimia hivyo kila asubuhi, kwa lugha yangu ya Iringa, nami nikakujibu "Ugonile" kwa lugha yako ya Tukuyu, halafu unacheka matamshi yangu. Tangu uondoke ofisini Iyunga hakuna anayenisalimia hivyo, na sidhani kama nastahili.

Unakumbuka wiki yangu ya kwanza? Nilikuja na cheti cha kidato cha nne na kozi ya miezi mitatu, nikapakua ile programu kubwa yenye vitufe vya rangi, ya kuuliza mfumo maswali kupitia API. Kompyuta ikaganda. Ulikuwa umesimama nyuma yangu na kikombe cha chai ya rangi.

"Mdogo wangu, hiyo kompyuta ni bajaji. Wewe unaipakia magogo ya kiwanda cha karatasi Mgololo."

Ukafungua dirisha jeusi, ukaandika mstari mmoja unaoanza na neno curl, ukabonyeza Enter. Sijakaa vizuri, mfumo ukawa umejibu: 200, yaani sawa, na chini yake majina ya wakulima wa mpunga wa Usangu na namba zao za simu.

"Umeuliza, umejibiwa," ukasema. "Vitufe vya nini?"

Ukanionyesha kuwa tuna seva mbili, kompyuta zinazotunza orodha zetu. Ya majaribio tungeweza kuivuruga tupendavyo. Ya kweli ndiyo iliyowatumia wakulima ujumbe wa zamu zao za maji. Kisha ukanipa sheria: kila mstari usomwe kwa sauti kabla ya Enter. Unafanya nini, kwenye orodha ipi, seva ipi. "Jicho linaruka," ulisema. "Mdomo hauruki." Tukawa tunasoma wawili kama watoto wa kipaimara. Jioni nilinakili mistari ya siku kwenye shajara yangu, tarehe juu, nawe ukanitania kwamba nitakuja kuoa daftari.

Siku wageni walipokuja kuuona mfumo, kompyuta yangu iligoma, nikatumia yako, ikiwa imefunguliwa kwa jina lako. Wewe ulikuwa umetoka kuwafuatia chapati. Nilipoanza kusoma mstari wa kwanza, mgeni mmoja mwenye tai akauliza, "Huyu anasali au anafanya kazi?" Wakacheka. Mistari iliyofuata niliisoma kwa macho tu.

Nilitaka kufuta orodha ya majaribio ili waone inavyojazwa upya. Nikabonyeza mshale wa juu, ukarudi mstari ambao asubuhi ulikuwa umeutumia kutazama orodha ya kweli. Nikabadilisha GET, leta, kuwa DELETE, futa. Anwani ya seva sikuibadilisha. Jibu likaja, 204: imefanyika, hakuna cha kuonyesha.

Kabla chapati hazijafika nilijua nimefuta orodha ya kweli. Nakala ya akiba iliyorudishwa ilikuwa ya zamani, kijiji kizima cha wakulima hakimo. Nilifuta historia ya amri, nikafunga dirisha, nikakusaidia kugawa sahani.

Siku chache baadaye alikuja Mzee Masanja, yule mkulima aliyehamia Usangu kutoka Usukumani. Hakupandisha sauti. "Zamu yangu ya maji imepita na miche imekauka. Simu yenu imenisahau, au mmenifuta?" Bosi akafungua kumbukumbu za seva na kukuta jina lako. Ulisema hukufanya. Akasema mashine haina sababu ya kukusingizia, akakuachisha kazi. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka hapo, nakunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa.

Mlangoni, umebeba kikombe chako, ukaniuliza polepole, "Mdogo wangu, siku ile ulisoma kwa sauti?"

"Nilisoma, dada."

Ukanitazama. Ukakaza kitenge chako. "Haya. Wasalimie kwenu Ipogolo."

Ulijua. Nimeliwaza hilo kila siku. Ungeweza kusema saa ile ulikuwa unanunua chapati, na aliyekuwa kwenye kiti chako ni mimi.

Kwenye shajara ya siku ya wageni mstari ule upo, alama kwa alama, kwa mwandiko wangu mzuri. Chini yake niliandika: "Mvua. Wageni wameridhika." Sijui ni mtu wa namna gani anayeandika hivyo.

Juzi alianza kazi binti mgeni. Nikamwambia jicho linaruka, mdomo hauruki. Akapenda. "Nani alikufundisha, kaka?" Nikamjibu nilijifunza mwenyewe. Ndipo nikaona kwamba baada ya kukunyang'anya kazi sasa nakunyang'anya hata maneno yako.

Leo asubuhi nimeiweka shajara mbele ya bosi, imefunguliwa ukurasa ule. Ameusoma mara mbili. Ameniuliza kwa nini niliweza kuandika na nikashindwa kusema. Hajaamua atanifanya nini, na chochote atakachoamua sitabishana nacho. Kesho nakwenda Usangu kwa Mzee Masanja. Kwake nitasema mwenyewe kwa mdomo.

Nasikia uko Mgololo na umefungua duka la madaftari. Barua hii nakutumia wewe, na naiweka pia kwenye kundi la ofisi, kwa sababu jina lako lilisemwa vibaya mbele ya wote. Sikuombi urudi, wala unisamehe haraka. Kabla ya kuituma nimesimama katikati ya ofisi, bosi na binti yule wakiwepo, nikaisoma yote hadi hapa kwa sauti. Mahali pa chapati nilirudia mstari mara mbili. Hakuna aliyecheka.

Siku ile sikusoma, dada. Hii nimeisoma.

Mdogo wako wa Ipogolo