Kiyoyozi cha Chumba cha Rehema

Mjukuu wangu Salma,

Huku Hail, Uarabuni, sote wazima, mamako anakusalimu. Unauliza lile jiko la kupashia nyumba joto ulisafishe majivu sasa baridi ikiisha, au lingoje. Lisafishe sasa. Mimi niliwahi kungoja, na nna aibu mpaka leo.

Mamako alikuwa mdogo. Joto lilipokwisha, fundi alisafisha viyoyozi vyote, ila cha Rehema, mtumishi wetu wa Tanga. Nilisema chake kingoje.

Joto liliporudi, Rehema alikohoa wiki nzima. Nikamgombeza, eti anakunywa maji ya barafu. Fundi alipokifungua kiyoyozi chake, vumbi lilimwagika kama unga.

“Samahani, mama,” alisema Rehema, akakimbilia ufagio.

Samahani ile ilikuwa yangu, na sikuisema.

Bibi yako