Bibi Tuliyemuokota Kando ya Barabara

Alhamisi, tarehe 1 mwezi wa pili

Mupira wa nyuma wa velo, baiskeli yangu, umekosa upepo tena. Nimepiga pompi mpaka mabega yakauma. Kambale, mwenzangu wa safari za velo, alinikuta bado nainama pale mulangoni, akacheka: "Mwalimu Kavira, kesho utaupuliza na kinywa."

Tulitoka wanne na velo kama kawaida, kusaidia wanaokwama njiani, mbele ya saa ya masomo. Kutoka mutaa wetu wa Mapendo mpaka ng'ambo ya Lac Vert, lile ziwa dogo, kisha kurudi. Njiani mutu wa makala alikuwa amekaa chini, velo yake imepasuka mupira, mifuko mitatu juu yake. Kambale aliziba. Mimi nilishikilia velo isimwage makala yote. Yule mutu aliuliza kama sisi ni watu wa kanisa. Kambale akamuambia ndiyo, kanisa la pompi.

Napenda hii kazi yetu. Na niseme kweli hapa ambapo hakuna anayesoma: napenda pia vile watu wanavyotuangalia tukimaliza kuwasaidia.

Watu wanaokimbia vita pande za Sake ni wengi kuliko jana. Magodoro juu ya vichwa. Sina nguvu ya kuandika zaidi, mazoezi ya wanafunzi yananingoja.

Jumamosi, tarehe 3

Leo tumeokoa mutu.

Tulikuwa tumepita Lac Vert kidogo. Bibi muzee peke yake kando ya barabara, amekaa juu ya godoro lililokunjwa, fimbo mukononi, bashi ya turubai juu ya mabega, chungu kikubwa pembeni. Watu mamia wanamupita, hakuna hata mumoja anayesimama. Miguu imevimba, hawezi kutembea. Niliuliza wawili watatu: huyu ni wa nani? Wakatikisa kichwa, wakaendelea. Nikajua mara moja. Watoto wake wamemutupa ili wakimbie vizuri. Damu ilinichemka.

Hasikii Kiswahili. Nikajaribu Kinande, lugha yangu, bure. Alisema mengi, haraka haraka, akionyesha kule juu barabara inakotoka. Kambale akasema: "Dada, tungoje kidogo. Labda iko na mutu wake." Nikamujibu: "Tungoje nini, bombe?" Mimi ndiye nilikata shauri. Tulipomuinua akamupiga Kambale fimbo ya sikio. Tukacheka. Woga tu, nilisema.

Nilimufunga kwenye velo yangu na kikwembe nilichojifunga, Kambale akishika nyuma. Wale wengine wawili walibeba godoro, bashi na chungu. Hatukuacha kitu. Nilisimamia hiyo mimi mwenyewe, hata kifuniko cha chungu nilirudi kukiokota.

Parokia imejaa, watu wanalala mpaka kwenye ngazi. Nimemuleta kwangu. Yuko kwenye kitanda changu, mimi nitalala chini. Nimechoka na nina furaha.

Jumapili, tarehe 4

Nje ya kanisa, baada ya Misa, nilisimulia. Kina mama walishika midomo. Mumoja alinikumbatia. Nilisema, na sauti yangu ilikuwa juu, kwamba watu wanaotupa mama yao barabarani hawatapata amani hapa duniani. Walisema amina.

Koko, ndivyo ninavyomuita bibi huyu, hajala. Nilimupikia bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwa, akageuza uso. Anaangalia mulango tu. Nikiufunga, anaupiga na fimbo. Nikiufungua, anatambaa kutaka kutoka. Nimeufunga na ufunguo.

Jumatatu, tarehe 5

Amekunywa maji, basi.

Nilipotoka masomo nilimukuta amejivuta mpaka mulangoni, magoti yana damu. Nilikasirika naye. Ndiyo, nilikasirika. Nimekupa kitanda changu na wewe unanifanyia hivi! Nilimufokea kwa Kinande, lugha asiyoisikia. Kisha nikaona haya, nikamusafisha magoti.

Kambale anasema kwa sikio lake yale maneno ni Kihunde. Wahunde wamejaa hii mitaa yetu, na siku tatu sikuita hata mumoja. Nilikuwa nishajua kila kitu. Kesho nitamuita Mama Noella, jirani anayeuza samaki soko la Kituku. Kwao ni Masisi, kwa Wahunde.

Jumanne, tarehe 6

Mama Noella alikuja na ndoo yake ya samaki, hakuiweka hata chini. Alisalimia kwa Kihunde. Koko akamushika mikono yote miwili na maneno yakamwagika. Mama Noella alisikiliza. Akanitazama. Akasikiliza tena. Niliuliza anasema nini. Akasema: "Kavira, kaa chini kwanza."

Hakutupwa.

Mutoto wake anaitwa Bauma. Wamekimbia na muke wake, watoto watatu, magunia mawili, na mama asiyeweza kutembea. Mutu mumoja hawezi kubeba wote mara moja. Basi Bauma anabeba mama yake mugongoni, anamupeleka mbele kipande kimoja cha njia, anamuweka kando na chungu chake. Anarudi kuchukua watoto na magunia, wanafika, wanapumuzika. Kisha anamubeba tena. Hivyo hivyo siku nne. Jumamosi asubuhi alimuambia: mama, usitoke hapa.

Mama Noella akasema kwao wote wanakimbia hivyo. Muzee akikaa na chungu pembeni, kila mutu anajua anangoja watu wake. Hakuna anayemugusa. Ndiyo sababu mamia wale walikuwa wanapita.

Na sisi tulibeba hata kifuniko.

Sasa nimekaa hapa na Koko ananiangalia. Anajua kwamba nimejua. Nimemuomba radhi kupitia Mama Noella. Alisema nimurudishe.

Jumatano, tarehe 7

Sikwenda masomo. Koko alibaki na Mama Noella. Mimi na Kambale tulikwenda mpaka mahali pale. Hakuna kitu. Majani yaliyolala tu, pale godoro lilikuwa.

Kuna mama anauza ndizi hatua chache kutoka pale. Aliyaona yaliyofuata, alifika na ndizi zake Jumamosi muchana, sisi tumekwisha kwenda. Alimuona mwanaume akifika na mutoto mabegani. Akamushusha mutoto. Akazunguka. Akaita. Akaangalia mpaka ndani ya mashimo ya mawe ya volkano, na fimbo, kama mutu anayetafuta mbuzi. Aliuliza kila anayepita. Hakuna aliyejua. Kesho yake asubuhi muzee mumoja akamuambia: wazee wanafanya hivyo, atakuwa ameomba watu wamurudishe kufia kwake. Bauma akaamini. Akaacha muke na watoto hapa chini, akarudi juu peke yake.

Juu. Kule watu wote wanakotoka.

Tulipanda velo kumufuata. Kwenye bariyeri askari wakaturudisha, na mabombe yalikuwa yanasikika wazi. Kambale hakuniambia "nilikuambia". Afadhali angeniambia.

Alhamisi, tarehe 8

Tumemupata muke. Mama Riziki. Mama wa ndizi ndiye alituonyesha, kwenye kambi ile ya karibu na Lac Vert. Wanalala chini ya vikwembe viwili vilivyofungwa kwenye miti, na mvua ilinyesha usiku. Bashi yao iko kwangu, imekunjwa vizuri.

Anasikia Kiswahili. Nilimuambia kila kitu, nimesimama. Ni mimi niliyemuchukua mama. Rafiki yangu alitaka tungoje, mimi nikakataa. Nilifikiri mumemutupa. Nilisema pia maneno mabaya juu yenu kanisani. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige.

Aliuliza kama mama ni muzima. Nikasema ndiyo. Akaketi chini.

Kisha akauliza: "Na chungu? Watoto hawajapikiwa toka Jumamosi."

Sikuweza kumutazama.

Muchana tulimuleta Koko, na vitu vyote. Hii mara nilimuomba kwanza. Mama Noella hakumaliza hata kutafsiri, Koko alikuwa ameshika mabega yangu apande. Hakumupiga mutu. Alipofika alishika kichwa cha kila mutoto, mumoja mumoja. Akaangalia nyuma yao. Akauliza jambo, na hakuna aliyehitaji Mama Noella kulisikia. Bauma iko wapi?

Mama Riziki alimujibu. Aliniambia baadaye alichosema: amekwenda kukutafuta, atarudi.

Ijumaa, tarehe 9

Mabombe toka asubuhi. Masomo yamefungwa. Sikutoka. Sikula. Velo iko ukutani, sitaki kuiona.

Jumapili, tarehe 11

Misa sikwenda.

Kambale alikuja na hakufanya mchezo wowote, nikajua. Ameongea na wanaume walioteremuka jana kwa miguu. Mbele ya kufika Sake walizika watu waliouawa na bombe, haraka, kando ya barabara. Majina yao hawakuyajua. Mumoja tu walimujua sura, sababu alikuwa amesimamisha kila mutu njiani: je, mumeona bibi muzee mwenye fimbo, asiyeweza kutembea? Siku tatu alikuwa anauliza hilo tu. Koti la kijivu, mukono umeshonwa na uzi mwekundu.

Niliona ule uzi mwekundu Alhamisi. Mama Riziki ameshonea nao mavazi ya watoto wote.

Kambale anasema si mimi, ni bombe. Najua ni bombe. Nani alimupeleka chini ya bombe? Aliniambia ninyamaze, akalia yeye. Sijawahi kumuona Kambale akilia.

Jumatatu, tarehe 12

Nilimuambia Mama Riziki mimi mwenyewe. Sikutaka Kambale anibebee hiyo. Aliuliza juu ya koti. Nikasema uzi mwekundu. Akaenda nyuma ya kibanda na nikamusikia huko, kwa muda murefu, amejiziba kinywa na kikwembe. Koko alikuwa mbele, kwenye jua, watoto wanacheza miguuni pake.

Aliporudi alikuwa amenawa uso. Nikasema: sasa nitamuita Mama Noella, tumuambie Koko pamoja.

"Hapana."

Nikasema ni mama yake, ni haki yake kujua. Nilianza hata kueleza. Yesu wangu, nilianza kumueleza yeye! Akanikata: atasikia, ataacha kula, na mimi sina nguvu ya kuzika wawili. Kisha akanitazama sana. "Mwalimu. Safari hii si wewe mwenye kukata."

Nilipoaga, Koko aliniuliza. Jina lile tu. Mama Riziki alikuwa ananiangalia. Nilionyesha barabara na mukono, juu, pande za Sake, namna ya kusema: bado. Koko akaitika na kichwa.

Ni uongo wangu wa kwanza kwake. Mengine yote niliyomufanyia niliyaamini.

Jumatano, tarehe 21

Muchana mutulivu. Nilikwenda na velo, mboga za lengalenga na makala kidogo nyuma. Masomo bado yamefungwa. Kambale alikuwa amefika mbele yangu, amekaza bashi, hakuna maji yanayoingia sasa.

Miguu ya Koko imepungua uvimbe. Amekaa nje, anaangalia barabara. Nilipofika alisogeza fimbo nipate mahali pa kukaa. Tulichambua lengalenga pamoja. Yeye anaharakisha kuliko mimi, akawa ananitupia yale niliyoyaacha na majani mabovu.

Mama Riziki aliivisha bugali. Koko alikula nusu ya sahani yake. Nusu ingine akaifunika na sahani nyingine, akaisogeza karibu na ukuta, mahali pasipo na kuku. Akasema Bauma. Kisha akaendelea kulamba vidole.

Magaribi nilisaidia kumuingiza ndani. Mama Riziki alifunua sahani, akawagawia watoto watatu, wakala wamesimama. Kila siku ni hivyo, aliniambia. Asubuhi Koko anaona sahani ni tupu, na haulizi nani amekula.